Mgeni Aliyeshuka Mnarani

Chumvi ndiyo iliyoanza kupotea. Si kwenye kopo; kopo lilijaa pomoni. Ilipotea ikishaingia sufuriani. Hasina alitia kijiko kwenye maharagwe, akaonja, akatia cha pili, akaonja, akatia konzi nzima kama anayelisha ng'ombe, na bado maharagwe yakabaki na ladha ya maji ya mvua.

"Nilimwambia Haroun," Bi Nasima, mama mkwe wake, alisema akisukuma sahani. "Nilimwambia, huyu msichana wa Mwingi sura anayo, lakini umewahi kuonja mchuzi wake?"

"Mama, onja hiyo chumvi yenyewe."

"Nirambe chumvi, mimi ni mbuzi?"

Haroun akacheka sana. Siku hiyo bado alikuwa na meno ya kuchekea.

Nyumba yao ilikuwa kioja. Ilisimama nje kidogo ya Kibwezi, imejengwa zamani na Mwingereza wa shamba la mkonge ambaye watu walimwita Bwana Wili, kwa sababu jina lake kamili lilihitaji ulimi wa kukodi. Alijenga kama kwao: madirisha marefu, ngazi ya mbao, na bomba la moshi la kuotea moto sebuleni. Kuota moto, Kibwezi! Mahali ambapo kuku hutaga yai likiwa limeshaanza kuiva. Na hilo halikumtosha. Juu ya kilima nyuma ya nyumba akasimamisha mnara wa mawe, wa duara, hauna kengele, hauna tangi la maji, hauna ngazi ndani, una mlango mmoja mwembamba tu. Wageni wake wakimwuliza ni wa nini, alijibu ni wa kupendeza macho. Wazungu wenzake waliridhika. Inaonekana kwao mtu hujenga jengo zima la kutazamwa, kama vile mama zetu wanavyoweka vyombo kwenye kabati la kioo na kutukataza kuvigusa.

Wakamba waliobeba yale mawe hawakuridhika. Walijua Bwana Wili alichimba visima akapata vumbi, akaenda pwani, akarudi akiendesha gari huku akiongea na kiti cha nyuma ambacho hakikuwa na mtu. Maji yakatoka mara moja. Mnara ukaanza kujengwa hapo hapo, na mkewe akarudi Uingereza kabla chokaa haijakauka. Mzee akabaki peke yake, akipanda kilima kila Alhamisi na sahani iliyofunikwa. Mpishi wake aliambiwa chakula cha sahani hiyo kisitiwe chumvi kamwe. Akafa, mkonge ukang'olewa, nyumba ikapita mikononi mwa huyu na yule hadi ikamfikia Haroun, mkulima wa vitunguu.

Haroun aliyasikia yote kutoka kwa Musyimi, fundi wake wa mawe, akamcheka mpaka akakohoa.

"Fundi, umekuja kubomoa au kuhubiri? Mimi nataka ghala la vitunguu. Mawe yamekaa bure huko juu."

"Hayajakaa bure, bosi. Yamekaa na mtu."

"Basi mwambie ahame!"

Mnara ukabomolewa. Jioni ya siku hiyo Hasina alikuwa amesujudu katika sala ya magharibi, ndipo sauti ilipopiga hodi mlango wa jikoni. Sauti nzuri, ya kiungwana, ya mtu mzima aliyechoshwa na njia. Bi Nasima alikuwa jikoni akichagua kunde. Haroun alikuwa mezani na simu yake, hakuinua hata kichwa.

"Karibu!" akajibu.

Tusidanganyane, nani kati yetu huinuka kuchungulia kwanza? Mlango ukafunguka, ukafungwa. Hasina alipomaliza sala aliuliza nani ameingia.

"Sijaona mtu," Haroun alisema. "Labda ameghairi."

Hakuwa ameghairi. Kesho yake chumvi ikapotea. Kisha kikaja kikohozi kwenye chumba cha wageni, kikohozi kidogo cha adabu, kama cha mtu anayekumbusha kuwa chai imechelewa. Ikaja harufu ya udi uliochanganyika na jiwe lililoloa. Ndoo ya maji ya kuogea ikawa inakutwa tupu na sakafu kavu. Bi Nasima aliacha kulalamika kuhusu mchuzi, na hapo ndipo Hasina alipoogopa kweli.

Mchana mmoja alijikaza akaingia chumba kile na ufagio, jua likiwaka nje na Musyimi akigonga mawe yake ghalani, na akaona godoro limebonyea katikati kama lililokaliwa, na alipokuwa bado anajiambia kuwa ni sponji mbovu, ule mbonyeo ukasogea polepole hadi ukingoni, ukaacha nafasi, na shuka iliyobaki wazi ikapigwapigwa mara chache, taratibu, vile shangazi anavyopigapiga kiti kumwambia binti njoo uketi hapa, na pumzi ya udi ikamjia usoni ikiwa baridi kama mdomo wa kisima, na Hasina akatoka kinyumenyume akiwa bado anafagia, kwa kuwa mikono ilikataa kuacha.

"Haroun," alinong'ona. "Kuna mtu mle ndani."

"Najua," Haroun akanong'ona naye. "Usiniambie. Najua."

Wakamwita Maalim Kusow, tabibu mfupi mwenye pikipiki kubwa, ambaye sifa zake zilifika hadi Malili. Alikaa mlangoni pa chumba cha wageni akisoma kwa sauti ya chini, kisha akarudi sebuleni, jasho likimdondoka ndevuni.

"Huyu hafukuziki," alisema. "Hakuvamia. Mlimbomolea nyumba, akaja kwenu, akapiga hodi, akakaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, husindikizwa. Aliyemkaribisha amsindikize hadi kwake kilimani, leo hii, kabla ya jua kushuka."

"Halafu?" Haroun aliuliza.

"Halafu huko juu yeye ndiye mwenyeji. Yeye ataamua kama mgeni wake arudi nyumbani au alale." Maalim akawatazama mmoja mmoja. "Nani alisema karibu?"

Hasina alimtazama mumewe kwa huruma. Tayari alikuwa anawaza viatu vipi amtolee, na kwamba watapanda pamoja, yeye na mume wake, liwalo na liwe.

"Ni Hasina," Haroun alisema.

Alisema bila kigugumizi. Hata hakukohoa. Hasina akamgeukia Bi Nasima.

"Mama. Wewe ulikuwepo."

Bi Nasima alivuta mtandio wake. "Masikio yangu yamezeeka, mwanangu."

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita mwanangu. Neno hilo alikuwa amelihifadhi, akaja kulitoa leo.

"Maalim, mimi nilikuwa kwenye sala."

"Sikuwepo, dada." Maalim akaelekeza kidevu kwenye chumba cha wageni. "Lakini yeye alikuwepo, na sauti anazijua. Mkimdanganya, mimi sitarudi hapa."

"Ni yeye," Haroun akarudia, akiwa tayari ameufungua mlango wa nyuma, ameushikilia wazi. "Nenda tu, mke wangu. Utarudi."

Hasina akasimama mbele ya chumba cha wageni. "Mgeni wetu," alisema, "twende nikusindikize." Kitanda hakikulia. Akatoka.

Alipanda kile kilima akisikiliza nyuma yake, katikati ya miiba na visiki vya mkonge, akingoja hatua, kikohozi, pumzi ya kisima shingoni, na kila alipongoja hakikuja kitu, ila kishindo cha moyo wake mwenyewe na kengele za mbuzi wa watu, hadi akafika juu, kwenye msingi wa mnara uliobaki kama ufizi usio na meno, akageuka, akaona yuko peke yake. Hakuna aliyemfuata. Mgeni hakuwa mjinga.

Chini, pikipiki ya Maalim ilikuwa ikitimua vumbi kuelekea barabarani. Bi Nasima alitoka mbio uani, kichwa wazi. Nyuma yake mlango ukajifunga, na madirisha marefu ya Bwana Wili yakafuata, moja baada ya jingine, bila haraka. Haroun hakutoka. Sauti yake ndiyo iliyotoka, kupitia lile bomba la moshi.

"Hasina! Mwambie ni wewe! Hasina, mwambie ni wewe uliyesema!"

Hasina akaweka viganja mdomoni kama wachungaji wanavyoitana ng'ambo ya mto.

"Nilikuwa kwenye sala!"

Kisha akateremka upande wa pili wa kilima, kuelekea barabara kuu, na hakugeuka hata jina lake lilipoitwa tena, kwa sauti ya Haroun, lakini kwa upole ambao Haroun hakuwahi kuwa nao.