Mchanga wa Uwanja wa Ndege

Kila alipotoka shule, Mokami alivua sare, akachota maji, akawapa ndama majani, kisha akaenda nyuma ya zizi kukagua uwanja wake wa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa moja tu: kiwiliwili cha bua la mtama, mabawa ya boksi, magurudumu ya vizibo vya soda. Ilitimuliwa mbio kwa kuvuta ukanda wa mpira wa baiskeli, na kwa maoni ya rubani wake haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa ya ardhi. Udongo wa pale kwao Susuni ulikuwa mweusi na laini, na ndege ilizama hadi tumboni kabla haijachanganya mwendo.

Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewatoa watu akili. Mtu akichimba shimo la choo, majirani walikuja kuchungulia. Kando ya njia ya shule palikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nyuma yake lundo la marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishanaswa kwa zebaki. Lundo lile lilikuwa limeoshwa na kuoshwa tena hata mwenyewe hakulilinda. Mokami aliona jinsi mchanga ule ukilowa unavyoshikana kama sakafu. Akaanza kuubeba kwa ndoo, kidogo kidogo, akaushindilia juu ya udongo mweusi. Mama alipouliza ameutoa wapi, alijibu bila kupepesa macho kwamba ni mchanga wa mtoni.

Mtu mmoja tu aliujua ukweli: rafiki yake Samira, binti wa mzee Maftah, muuza makarai na sururu. Samira aliinama, akautazama uwanja, akakunja uso.

“Haya ni marudio, wewe. Mwalimu si alisema yana sumu? Mama yako anajua?”

“Acha uoga. Nani anakula uwanja wa ndege?”

Wiki haikuisha, uwanja ukaanza kuliwa. Kila siku Mokami alikuta kijishimo upande wa mwisho, mchanga umechotwa kwa ustadi. Uchunguzi rasmi ukafunguliwa, naye akawa mpelelezi, hakimu na shahidi kwa pamoja. Nani anajua kwamba mchanga ule umetoka karashani? Samira. Baba yake nani anashinda na wachimbaji, wanaoweza kuuosha tena watafute dhahabu? Samira. Nani aliuliza maswali mengi? Kesi ikawa nyepesi mno.

Mokami akahama dawati walilokaa pamoja. Samira alipomfuata kuuliza kulikoni, aliambiwa mbele ya wenzake kwamba aende akamwambie baba yake dhahabu ya wizi haina baraka. Samira alibaki amesimama huku wenzao wakicheka, kisha akaenda kukaa peke yake.

Jumamosi asubuhi Mokami alijibanza nyuma ya zizi ili amkamate mwizi kwa macho yake. Alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Mara akasikia ndala zikiburuzwa. Mwizi akatokea, sufuria mkononi, akachuchumaa, akachota mchanga konzi moja, akaanza kusugua masizi huku akiimba polepole. Alikuwa mama yake.

Mokami nusura acheke. Kisha akatupa macho jikoni. Sufuria nyingine, inayong'aa kama mpya, ilikuwa imekwisha injikwa, na mdogo wake Mogesi alikuwa ameketi na kikombe akingoja uji.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuuzoa mchanga jioni bila mtu kujua. Lakini alimwona Mogesi akinyoosha kikombe, akakimbia, akakipokonya.

“Mama, usimpe. Ule si mchanga wa mtoni. Ni marudio ya karasha.”

Mama hakumpiga. Alimwaga uji shimoni, akanawa mikono kwa sabuni, akamnawisha na Mogesi, kisha akawapeleka wote zahanati. Muuguzi aliwapima, akauliza maswali mengi, akasema haoni dalili mbaya, ila warudi mara moja wakiona mabadiliko. Mjomba Kisyeri alikuja na koleo na buti, akaurudisha mchanga wote kule ulikotoka. Zile sufuria, hata ile kubwa ambayo Mama alipewa siku ya harusi, zilitobolewa kwa msumari ili mtu asizitumie tena kupikia.

Mokami alitumwa dukani kwa mzee Maftah. Alisema shikamoo, akaomba radhi mbele ya baba na binti. Samira alinuna hadi siku ya tatu, kisha akaja mwenyewe na kusema uwanja ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Wakachanganya udongo wa kichuguu na samadi, kama watu wanavyosiriba mahali pa kuanikia ulezi, na ndege ikapata mbio, ikaruka, ikagonga ng'ombe.

Jioni Mama alimketisha Mokami karibu naye.

“Mwanangu, mimi sikusugua sufuria kwa mchanga. Nilisugua kwa neno lako. Ungesema kweli, ningekugombeza tu, basi. Uliponidanganya, ukaifanya mikono yangu mimi ndiyo imtilie mdogo wako sumu, na mimi sijui.”