Jina la Hyasinta Kwenye Picha za Nyota

Kiti cha kompyuta ya pili kilikuwa kimelowa, na chumba cha intaneti cha Mansoor, pale Makambako, kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Erica alikifuta kwa khanga, akakaa. Mwaka ule wa 2008, wateja wakipungua, Mansoor alimwachia kompyuta bure na kumletea chai. Hapo ndipo yeye na rafiki yake Hyasinta walipojiunga na ukurasa ambako watu wa nchi nyingi hutazama picha za anga zilizopigwa kwa darubini kubwa, kila mmoja akisema kundi la nyota lina umbo gani. Jibu hukubaliwa wengi wakilingana.

Hyasinta alifariki mwezi wa tatu. Mwezi wa nne Erica, aliyeijua nywila yake, akaanza kuingia kwa jina la marehemu, akirudia majibu yake mwenyewe ili yapate wa kuyaunga mkono. Jina la Erica likapanda kwenye orodha ya wanaoshukuriwa. Aliona aibu, lakini hakuacha.

Leo alipofungua jina la Hyasinta, alikuta picha arobaini zimeshajibiwa. Zote kinyume na alivyojibu yeye.

"Kaka Mansoor," alinong'ona, "nani alikaa hapa?"

"Si wewe? Asubuhi nzima nasikia unabonyeza. Nimekuletea chai, hata kugeuka hukugeuka."

"Asubuhi nilikuwa shambani."

Kikombe kilikuwa bado kimejaa. Ukingoni kilikuwa na tope.

Erica akamweleza yote, macho chini. Mansoor hakumkaripia. "Nitasoma dua hapa, dada. Lakini uliyemwibia ni yeye. Nenda kwao ukaombe radhi."

Kesho yake alishuka kwenye gari njia panda ya Kichiwa, akaingia kwenye ukungu akijifunza maneno ya kuomba radhi, na kila alipofika kwenye "nilitumia jina lake" harufu ya udongo ilimjaa puani, na nyuma yake nyayo zilichapa tope, zikisimama aliposimama, zikienda alipokwenda, mpaka akashindwa kujua kama anakwenda au anapelekwa.

Mama Hyasinta alikuwa mlangoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mmelowa."

Akaweka vikombe vitatu mezani, akavijaza vyote.

"Mama, nimekuja kwa aibu. Nimemkosea Hyasinta."

"Mwambie mwenyewe," mama alisema kwa upole, akisogeza sukari mbele ya kiti cha tatu, ambacho kilikuwa kimeanza kudondosha maji. "Si mmeongozana tangu barabarani?"