Ukurasa Ambao Mwanatumu Hakutaka Uchanwe

Mwaka wa hamsini na sita, siku ya soko Msambweni, watu walimzonga kijana mmoja aliyeketi juu ya gunia la nazi. Vikongwe wanacheka, watoto wanacheka, hata muuza samaki kaacha nzi wajilie. Kijana ni Chande, fundi wa kuandika vibao vya maduka, na mkononi ana kitabu cha picha za kuchekesha alichokichora mwenyewe. Binti mmoja, Mwanatumu, akajipenyeza, leso mpya, asumini kichwani, akachungulia. Pichani mbuzi amekwapua leso ya bibi mnene, bibi anamkimbiza na mwiko.

"We! Huyu si mama yangu?"

"Ndiye. Si mtani wangu? Babu zetu walitaniana tangu hapo. Nimemwonyesha, kacheka mpaka kakaa chini."

Mwanatumu naye akacheka, na kucheka huko ndiko kulikomnasa. Kila soko ikawa, "Picha mpya iko wapi, kipenzi?" mpaka Chande akataja posa.

"Basi ukurasa ule niuchane," akasema. "Mama yako akiwa mkwe, utani umekwisha. Mkwe hachekwi."

"Thubutu! Huo ndio ulionileta kwako. Nipe kitabu nikiweke mimi. Nani atakiona?"

Mabinti wetu huteleza hapo hapo, kwenye jambo dogo la kujidekeza.

Siku ya posa washenga wamekaa ukumbini, wamevaa kanzu safi. Kule uani Mwanatumu, kwa kujisifu, akawatolea shangazi zake kitabu waone ufundi wa anayemposa. Kicheko kikalipuka hadi ukumbini. Mama akaja mbio na sinia la mahamri, akaona kinachochekwa.

"Kumbe! Alipokuwa mtani nilicheka. Leo ni mkwe, ananiletea haya nyumbani kwangu, mbele ya wageni? Rudisheni posa yao!"

Mwanatumu akafungua kinywa. Lilihitajika neno moja tu, *mimi*. Akakifunga.

Wiki ya pili alimkuta Chande juu ya ngazi, akiandika ukuta wa duka.

"Chande wangu, nimekuja."

"Ulimwambia mama nani alinikataza kuuchana?"

Mwanatumu akaishika ngazi isicheze.

"Mwanatumu, nakuuliza."

"Nilimwogopa."

Chande alichovya brashi kwenye kopo, akakung'uta rangi.

"Basi mimi nakuogopa wewe," akasema, akaendelea na herufi yake.