Tumbawe la Sebuleni

Konokono wa tatu alikutwa amekufa juu ya mchanga, na tumbawe lilikuwa limepauka mpaka kwenye shina.

Inspekta alichuchumaa mbele ya tangi la maji ya chumvi. Vidole laini vya tumbawe, ambavyo mkewe alivilea kwa miaka, vilikuwa vimenywea. Samaki walikuwa wakikatiza mbele yake, hawana habari. Mkewe alikuwa bado amelazwa baada ya upasuaji, na kila jioni alipiga simu kuuliza tumbawe lake linaendeleaje. Inspekta alikuwa akijibu, "Salama."

Alianza na binti yake.

"Nani analisha samaki?"

"Mimi, Baba."

"Umeongeza kitu kingine majini?"

"Chakula tu. Na usinihoji kama mwizi wa kuku, bwana!"

Akachota maji ya tangi, akayatia kwenye chupa ya vielelezo, akampelekea mkemia wa maabara ya polisi. Mkemia alicheka mpaka akavua miwani. Majibu yalipotoka, hakucheka tena.

"Shaba," alisema. "Samaki wanaivumilia kidogo. Konokono na matumbawe, hapana."

"Nikibadilisha maji?"

"Mawe yameshaifyonza, yataitoa tena kidogo kidogo. Hilo tumbawe limekwenda, Inspekta. Pole."

Shaba haina miguu ya kujiingiza tangini. Inspekta alirudi nyumbani, akakunja mikono ya shati na kupekua mchanga nyuma ya tumbawe. Akaibuka na bangili ya shaba iliyoota kutu ya kijani. Ilikuwa ya mkewe.

Mama mkwe, aliyekuja kukaa nao tangu upasuaji, alikuwa chumbani akikunja nguo. Inspekta, aliyekwisha kuwabana majambazi sugu, hakujua aanzie wapi.

"Samahani, Mama. Hii bangili..."

"Umeitoa? Irudishe!"

"Nani aliiweka?"

"Mimi, nani mwingine! Walimvua siku ya upasuaji. Akaniambia, Mama, niwekee mahali salama. Nikaona, akirudi nyumbani macho yake yataanzia pale tangini. Basi aikute inamsubiri." Akamtazama usoni. "Kwani nimekosea, mwanangu?"

Inspekta aliona uchungu, na hakuwa na wa kumkasirikia.

Simu yake ikalia mezani. Mama mkwe akaiwahi.

"Tumbawe lako liko salama, mwanangu," alisema kwa furaha. "Na bangili yako pia. Haya, ongea na mumeo."

Inspekta aliipokea simu kwa mkono uliolowa, bangili ikiwa bado kwenye ule mwingine.