Mzee wa Mwavuli kwenye Daraja la Haora

Kila alasiri shule ilipofungwa, Shrabani alivuka kwa miguu Daraja la Haora kurudi nyumbani ng'ambo. Wapagazi walimpita mbio na matenga ya maua kichwani, wakifoka watu wapishe. Mabasi yalipiga honi bila kupumzika, na chini kabisa Mto Hugli ulitiririka na tope lake. Mama yake aliamini kwamba anapanda kivuko, kwa kuwa msongamano wa darajani haukumfaa mtoto wa miaka kumi na miwili. Lakini nauli ya kivuko Shrabani aliila kwa phuchka, vitafunio vya viazi na maji ya ukwaju, kisha akashika njia ya daraja.

Basi siku moja akagundua kwamba anafuatwa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mwavuli mweusi. Shrabani akiharakisha, mzee naye anaharakisha. Akiinama kufunga kiatu, mzee anasimama, macho kodo kwenye mkoba wake mwekundu. Kesho yake ikawa vilevile.

Alimweleza rafiki yake Moushumi, naye badala ya kuuzima moto akauongezea kuni.

"Huyo mwizi wa watoto. Anakuzoea kwanza. Mwambie mama yako."

"Nikimwambia atajua sipandi kivuko."

"Afadhali fimbo ya mama, shoga."

Shrabani hakumwambia mama, akaendelea kuvuka daraja. Alianza kumshuku kila mtu, hata muuza chai aliyemsalimu kwa jina. Mpaka alasiri moja mzee alipomkaribia hata akazisikia pumzi zake. Alifika nyumbani anahema, akamwaga yote: mzee, phuchka na uongo. Mama alikunja uso, lakini hakumpiga. Alisema tu kwamba kesho watavuka wote.

Kesho yake mama alitembea nyuma kidogo, akimchunguza mzee, akaona hatoi macho kwenye mkoba. Katikati ya daraja akamfikia binti yake, akauficha ule mkoba ndani ya sari yake, wakajibanza kando.

Mzee akasimama ghafla. Akageuza kichwa huku na huku, mkono ukipapasa hewa. Halafu akateremka barabarani, mbele ya basi lililokuwa likija kasi.

Mama alimdaka ukosi wa shati, akamvuta. Basi likapita likiwapepea nguo.

"Kaka, unamfuatia nini mwanangu?"

"Kumbe ni mtoto?" mzee aliuliza. "Sikujua, dada. Mimi naona wekundu tu."

Jina lake Nirapada, fundi wa vinanda. Kazi yake ilitaka masikio, ndiyo maana aliweza kuficha kwamba macho yameingia ukungu. Asubuhi alivuka na jirani. Alasiri alifuata rangi ile iliyopita kila siku saa ileile. Hakumwambia hata mwanawe, akihofia kuachishwa kazi.

Mama alimpeleka kwa mwanawe siku hiyohiyo, naye akampeleka hospitali ya macho. Ilikuwa mtoto wa jicho. Alipasuliwa, na kabla ya sikukuu ya Durga alikuwa akivuka peke yake.

"Na mimi nilimdhani mwizi," Shrabani alisema kwa aibu, siku walipokwenda kumjulia hali.

"Kushuku hukukosea," mama alijibu. "Mtu mzima akikufuata, shuku, useme papo hapo. Yeye hofu ilimfunga mdomo, nusura basi limuue. Wewe ulifungwa na uongo wako. Sasa fikiri, mwanangu: angekuwa mwizi kweli, ungeniambia ukiwa wapi?"