Tangazo la Vinyago vya Kitonga

Kitonga alikuwa mchonga vinyago pale Ukunda. Mkewe, Syovata, alivipiga msasa na kuviuza kibandani. Binti yao Kaindi alifundishwa na babake kuchonga, ingawa majirani walisema hiyo si kazi ya wanawake. Mwaka ule wa 1998 watalii walikuwa wachache. Fujo za mwaka uliotangulia ziliwatia hofu. Kibanda kilijaa twiga na ndovu, na chungu kilikuwa kitupu.

Kitonga naye aliugua kifua. Alitaka jambo moja tu: kuwaachia mkewe na bintiye kibanda chenye wateja. Hoteli moja ya Diani ilikuwa na televisheni mapokezini. Meneja wake alikubali kuwaonyesha wageni tangazo lao la video.

Wakamwita mpiga video wa harusi. Basi ikawa harusi kweli. Pilau lilipikwa, kwaya ikaimba, Kitonga akavishwa suti ya kuazima na kuketishwa kama bwana harusi. Kinyago hata kimoja hakikuonekana. Fedha za kununulia magogo ziliishia hapo, na meneja akairudisha kanda. Msiwacheke sana. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Jirani yao Kahaso alikuwa amejifunza kazi ya video Mombasa. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaitazama kanda ile hadi mwisho.

"Mama Kaindi," akasema, "mjikuna hujikuna ajipatapo. Mwenye fedha nyingi huajiri waigizaji na wapiga ngoma. Mwenye fedha za wastani humlipa mtu wa kusoma maneno kwa Kijerumani. Ninyi mna kamera yangu na mwanga wa jua. Vyatosha. Onyesheni kazi, semeni kibanda kilipo, mkome hapo."

"Na suti?" Kitonga akauliza.

"Irudishe kwa mwenyewe, mzee. Wewe shika tezo, uchonge."

Kesho yake Kahaso alimpiga picha akichonga ndovu. Kikohozi kilipombana mzee, Kahaso alizima kamera akangoja. Kisha Kaindi akaonyesha kibanda na kutaja njia ya kufika. Tangazo lote lilikuwa fupi, na meneja alilikubali.

Kitonga hakuwahi kuliona. Alifariki kabla halijaonyeshwa. Syovata alilia mpaka sauti ikamkauka.

Wageni wakaanza kuja, mmoja mmoja. Kila mmoja alimuulizia yule mzee wa kwenye televisheni. Mama mmoja Mjerumani alishika ndovu, akauliza kama mzee ndiye aliyemchonga. Kaindi alimtafsiria mamake, kisha akamtazama. Wakisema ndiyo, bei itapanda.

"Mwambie la," Syovata akasema. "Mume wangu amefariki. Huyu umemchonga wewe. Yeye alikufundisha."

Kaindi akamtafsiria mgeni, naye akamnunua yule ndovu.

Syovata alimwendea Kahaso. Hakutaka tangazo liendelee kuwapa watu matumaini ya uongo. Kahaso alimwambia kwamba hapana haja ya kulipia kanda nyingine. Aliongeza kipande kidogo mwishoni: Kaindi ameshika tezo, akieleza kwamba babake ameaga na kazi inaendelea.

Sasa kibanda kinawalisha. Syovata akipeleka vinyago hotelini, hupitia mlango wa jikoni. Kule mapokezini, ndani ya televisheni, Kitonga yu hai, anachonga, na mkewe hawezi kusimama kumtazama.