Nusu ya Kadi

Mama Mshonaji alikutwa asubuhi amelala chali kando ya meza ya kukatia, kisogo kimepasuka, futi ya kupimia ingali shingoni. Mlango haukuvunjwa. Ukingo wa meza ulikuwa na damu.

Inspekta alichuchumaa, akatazama, akasimama huku magoti yakimlalamikia. Juu ya rafu ya vitambaa kamera ndogo ilimkodolea jicho.

"Hiyo imeona nini?" aliuliza.

"Haijaona kitu, Afande," alijibu kitindamimba wa marehemu, fundi wa kompyuta, macho mekundu. "Iliharibika. Nilimwahidi mama ningeitengeneza."

Kaka yake mkubwa hakuwa na subira. "Kamera ya nini? Mkamateni mlinzi! Majora ya vitambaa yanapotea humu kila kukicha. Mama kamfuma, naye kamuua. Mnangoja nini?"

Mlinzi, mzee waliyemwita Filimbi kwa ile iliyoning'inia kifuani mwake, alikuwa na funguo. Mtetezi hakuwa naye. Mkuu wa kituo, mtu wa kupenda kesi nyepesi, aliamuru awekwe mahabusu na kesho yake afikishwe mahakamani kwa mauaji. Mke wa Filimbi akaketi kwenye benchi la kituo na chupa ya chai aliyokatazwa kuiingiza ndani. Kila alipopita mbele yake, Inspekta aliona haya.

Kadi ya kumbukumbu ya kamera aliipeleka mwenyewe maabara, kwa mtaalamu waliyemwita Miwani.

"Kadi ni ya giga thelathini na mbili," alisema Miwani. "Lakini kamera inaona kumi na sita tu, tena hazina picha hata moja."

"Imeharibika?"

"Nzima kama wewe. Kuna mtu alikuwa na nakala kamili ya kadi ndogo tupu, ya giga kumi na sita, akaimwaga juu ya hii kubwa. Ukishafanya hivyo, unatakiwa uitanue sehemu ya kuhifadhia mpaka ijaze kadi nzima. Yeye hakuitanua."

"Kwa nini?"

"Haraka. Akadhani amefuta kila kitu. Kumbe ametandika mkeka mdogo kwenye chumba kikubwa. Pasipofunikwa, vumbi la jana liko palepale."

Akabonyeza. Inspekta alitazama mpaka mwisho, kisha akaomba arudishiwe nyuma, kwenye siku za kabla. Alipoinuka, hakuaga.

Kitindamimba aliletwa chumba cha mahojiano.

"Nani alifunga kamera ile?"

"Mimi."

"Nakala ya kadi ndogo anayo nani?"

Kitindamimba aligeukia ukuta.

"Nakuuliza wewe, siulizi ukuta."

"Ninayo mimi."

Inspekta akamgeuzia kompyuta. Kwenye kioo, kitindamimba alimsukuma mama yake. Mama akaanguka. Kisha mkono wa kijana ukaja kuiziba kamera, na picha ikakatika.

"Daktari anasema alipumua karibu saa nzima baada ya kuanguka. Ulikuwa wapi?"

"Palepale," alisema. "Nilikuwa nashughulikia kadi."

"Kwa nini ulimsukuma?"

"Aliniomba nimfungie kamera. Nilifurahi, Afande! Maisha yangu yote alimtegemea kaka. Mimi hakuwahi kuniomba hata maji. Jioni ile nikamwambia, mama, tuitazame pamoja tumjue mwizi. Akasema hana haja. 'Nilitaka uione juu ya kichwa chako, uache wizi. Nani mwingine mwenye mkono mrefu humu kama si wewe?' Sijawahi kuiba hata sindano. Nilitaka anisikilize tu."

"Na Filimbi? Ungemwacha aozee jela?"

Akainamisha kichwa. "Ningemwacha."

Inspekta hakuwa amepanga kumwonyesha kipande cha pili. Jibu hilo lilimchoma, akakibonyeza. Kaka mkubwa alionekana akitoka na jora begani. Akarudi kuchukua jingine.

"Hilo nalo lilikuwemo," alisema Inspekta. "Ulikuwa unafuta ushahidi wa kukusafisha wewe mwenyewe."

Kitindamimba alitazama mpaka kioo kikazimika. "Mama hakuliona?"

"Nani angemwonyesha?"

Alianza kulia kama mtoto aliyeonewa, na Inspekta alimhurumia na kumchukia kwa pamoja. Akatoka, akaagiza Filimbi afunguliwe.

Kwenye kaunta, kaka mkubwa bado alikuwa akimfokea askari wa zamu kwamba mlinzi mwizi yule anyongwe, na kwamba mama yao hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea ila yeye.

"Karibu ndani, kaka," Inspekta alimwita kwa upole. "Mdogo wako anataka kukuona."